Sikio na Mvujo wa Barabara ya Hospitali

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kusikiliza ardhi. Asubuhi na mapema alitoka kwenye karakana ya idara ya maji na fimbo ya chuma iliyomfika kifuani, ncha ya chini kali kama msumari, ncha ya juu ikiwa na kikombe cha mbao cha kuegemeza sikio. Aliisimika juu ya vali, juu ya mita, au juu ya lami tupu, akainama, akafumba macho. Bomba zima hutulia. Bomba lililotoboka hulia: sss, mlio mwembamba, kama mtu anayepitisha pumzi kati ya meno. Yeye aliunasa mlio huo hata ukiwa umbali wa nyumba tatu, akaufuata hatua kwa hatua, kisha akachora duara la chaki barabarani na kuwaambia wachimbaji, "Hapa. Na msinichimbie handaki la vita. Tundu liko chini ya chaki, wala halijahama."

Karakana nzima ilimwita Sikio. Jina lilimganda kiasi kwamba siku mkuu wa idara alipotaka kumwandikia barua ya pongezi, ilibidi aulizie ofisini huyu Sikio kwa wazazi wake anaitwa nani.

Kwa hiyo masikio yalipoanza kumtupa mkono, hakumwambia mtu.

Hayakuondoka kwa siku moja. Kwanza alianza kulalamika kwamba watu wa siku hizi wanaongea kama wana maji mdomoni. Halafu redio ya nyumbani ikapanda sauti, ikapanda tena, mpaka majirani wakawa hawana haja ya kuwasha zao. Mumewe alikuwa fundi cherehani aliyefanyia kazi sebuleni, mtu mpole, mwenye tepu ya kupimia shingoni kutwa nzima. Siku moja aliuliza bila kuinua kichwa kwenye cherehani, "Mke wangu, pasi iko wapi?"

"Kazi iko vizuri," Sikio akajibu kutoka jikoni. "Namshukuru Mungu."

Fundi akasimama, akaitafuta pasi mwenyewe. Alicheka, lakini usiku huo alimtazama mkewe kwa muda mrefu, na Sikio akajifanya haoni.

Kazini alitumia ujanja. Alitazama nyasi mahali zilipokuwa za kijani kuliko kwingine. Alishika fimbo kwa vidole ili asikie mtetemo kwa ngozi. Alikumbuka mabomba yaliyowahi kupasuka na kukisia yatakayofuata. Kwa miaka miwili alipata mivujo kwa akili na macho, na kila jioni alirudi nyumbani amechoka kama aliyebeba zege, akala kimya, akalala na kuku.

Ujanja huo uliisha kwenye handaki la mtaa wa viwandani. Mwenzake waliyemwita Mrefu alikuwa ndani ya handaki, maji yakimfika magotini, akifunga mkanda wa chuma kwenye bomba lililopasuka. Sikio alisimama mbali kidogo, mikono juu ya ufunguo mkubwa wa vali. Injinia wao, kijana mwenye kofia ngumu ya njano, alikuwa kwenye ukingo wa handaki. Aligeuka, akapaza sauti:

"Usifungue!"

Sikio alisikia, "Ufungue." Akafungua.

Maji yalitoka kwa kishindo, yakamwinua Mrefu na kumbamiza kwenye ukuta wa udongo. Wenzake walimvuta kwa mikono na mshipi. Alipotoka alikuwa tope tupu, amelishika bega lake, na akajaribu kufanya utani: "Dada, ungesema tu kwamba nanuka. Ningeoga nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Injinia alimfuata Sikio pale kwenye vali, akasimama mbele yake ili amwone usoni.

"Mama, nilisema nini?"

"Ulisema nifungue."

"Nilisema u-si-fungue."

Sikio aliangalia midomo yake ikitamka ile "si". Aliiona. Hakuisikia. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kitu kilichokuwa kinampotea siku zote hizo, kwenye mabomba na kwenye vinywa vya watu, ni kilekile kimoja.

Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo, kugawa koki na viungo vya mabomba, mpaka masikio yapimwe. Fimbo yake ikaegemezwa ukutani nyuma ya mlango wa Injinia.

Mtaalamu wa masikio alikuwa na chumba kwenye ghorofa ya chini ya hospitali kuu. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani na kicheko cha karibu. Alimkalisha Sikio kwenye kijichumba kisichoingiza sauti, akamvika vipokea sauti vya kichwani, akampa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio. Sikio alibonyeza, akabonyeza, kisha akakaa muda mrefu na kidole tayari, akidhani mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika.

"Tazama, mama," mtaalamu akasema, akiweka mezani karatasi yenye mstari ulioanza juu na kuporomoka upande wa kulia. "Sauti nzito unazo. Ndiyo maana unasikia kwamba mtu anaongea. Sauti nyembamba ndizo zimekukimbia. S, sh, f, ch, t. Unapata mwili wa neno, hupati kingo zake."

"Kwa hiyo mimi ni kiziwi."

"Wewe ni mtu ambaye ubongo wake umefanya kazi ya ziada kwa miaka mingi. Mingapi?"

"Labda sita."

"Miaka sita ubongo unaletewa barua yenye matundu na unajaza mwenyewe maneno yaliyokosekana. Jioni huwa unachoka?"

Sikio alimkazia macho. Hakuwahi kumwambia mtu kuhusu uchovu huo. Alidhani ni uzee. Machozi yalimjia ghafla, akakasirika nayo, akayafuta kwa mgongo wa mkono.

Bima ya kazini ililipia vifaa. Vilikuwa viwili, kila kimoja kidogo kama punje ya haragwe, vya kukaa nyuma ya sikio na kuteremsha kiwaya chembamba ndani. Mtaalamu alivirekebisha kwa kompyuta, akaviwasha.

Dunia ikamwangukia.

Karatasi iliyokunjwa mezani ililia kama kuni zinazopasuka motoni. Mlango ulifungwa huko koridoni, akaruka. Viatu vyake mwenyewe vilimfuata mpaka kituo cha basi, ko, ko, ko, hata akageuka mara mbili kutazama nani anamwandama. Nyumbani, jokofu lilinguruma, cherehani ikanyesha mvua ya mawe juu ya bati, na mezani akaweka kijiko chini na kumtazama mumewe.

"Baba, kumbe unatafuna kwa kelele hivyo?"

"Miaka thelathini na moja nimetafuna hivihivi," Fundi akasema kwa heshima, "na ulikuwa unanisifia."

Siku ya tatu Sikio alivifungia vifaa kwenye droo ya soksi. Siku ya nne Fundi aliviona wakati anatafuta soksi. Hakugomba. Alivaa shati lake la kutokea, akamshika mkewe mkono, wakarudi hospitali pamoja.

"Umenipa kelele," Sikio alimwambia mtaalamu kabla hajaketi. "Nilikuja kutafuta kusikia, ukanipa kelele."

"Umesema kweli kabisa," mtaalamu akajibu, na Sikio akakosa pa kushika, maana alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. "Mama, sikio halisikii. Sikio linapokea. Anayesikia ni ubongo. Ukiwa na usikivu mzima, ubongo unajua huu ni mlio wa jokofu, unauweka kando, hata hujui kama jokofu lipo. Hii ni sauti ya mume wako, inasogezwa mbele. Ubongo wako umekaa miaka sita haujaletewa hizo sauti nyembamba. Sasa zimerudi zote kwa pamoja, na haujui ipi ni ipi. Unaziweka zote mlangoni, zinagombania kuingia."

"Na vifaa hivi vinafanya nini?"

"Vinainua zile sauti ulizopoteza na kuzifikisha safi, ili ubongo usikisie tena. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni yako. Uvivae kutwa, kuanzia unapoamka mpaka unapolala. Ukivificha kwenye droo," hapa Fundi alikohoa, "ubongo hautajifunza. Na ufanye mazoezi. Mtu akusomee maneno huoni mdomo wake, uyarudie. Mkianza kimya, baadaye na redio."

"Muda gani?"

"Miezi mitatu, minne. Wengine zaidi. Lakini wewe umeishi kwa kusikiliza. Sidhani kama umesahau namna ya kusikiliza. Umekosa tu cha kusikiliza."

Maneno hayo yalimwingia Sikio kuliko dawa.

Wakaanza siku hiyohiyo. Fundi alikaa nyuma ya kiti cha mkewe na, kwa kuwa hakukuwa na kitabu karibu, akafungua daftari lake la vipimo vya wateja.

"Kifua arobaini na sita."

"Kifua arobaini na... tisa."

"Sita. Shingo kumi na saba. Mkono ishirini na tano. Kiuno hamsini na sita."

"Kiuno hamsini na sita!" Sikio akageuka. "Huyo ni nani?"

"Siri ya kazi. Geuka huko. Huruhusiwi kuona mdomo."

Fundi, yule mpole, alikuwa mwalimu asiye na huruma. Hakukubali neno nusu. Walipika huku wakifanya mazoezi, wakaosha vyombo huku wakifanya mazoezi: fika, pika, shika; taa, saa; chupa, supu. Wiki ya pili aliwasha redio. Wiki ya tatu aliendesha cherehani kwa mguu huku anasoma. Sikio alikosea, akarudia, akanuna, akarudia. Kuna siku alilala na kichwa kinachouma. Lakini asubuhi moja wakati anachemsha chai alishtuka kwamba hajalisikia jokofu. Akasimama, akalitega sikio makusudi. Likanguruma. Alipoacha kulitega, likapotea. Alicheka peke yake jikoni kama mwendawazimu: ubongo ulikuwa umelifukuza wenyewe, bila kutumwa.

Na jioni hakulala na kuku tena. Alikaa sebuleni, akapiga soga na mumewe mpaka habari za saa mbili, na redio ilikuwa chini kiasi kwamba jirani alikuja kuuliza kama wamesafiri.

Mwezi wa tatu ulipokuwa unaishia, Sikio alikuwa stoo, ameinama nyuma ya rafu anapanga koki. Mrefu aliingia na mchimbaji mmoja kuchukua mpira wa maji. Hawakumwona. Mrefu alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, mgongo ukiwa umeelekea rafu:

"Usimwambie Sikio. Atajisikia vibaya bure."

Sikio alibaki na koki mkononi. Hakuona mdomo. Hakukisia. Ile "si" ilikuwa imemfikia nzima, na kingo zake, kama sarafu mpya.

Akainuka polepole nyuma ya rafu.

"Usimwambie Sikio nini?"

Mchimbaji aliangusha mpira. Uso wote wa Mrefu ukafunguka kwa kicheko. "Dada! Umenisikia?"

"Nimekusikia. Usinibadilishie mada. Nisiambiwe nini?"

Kumbe ni bomba la Barabara ya Hospitali. Lilikuwa linavuja wiki ya pili sasa. Presha imeanguka, hospitali kuu inaletewa maji kwa magari, wodi ya wazazi kwenye ghorofa ya tatu haipati hata tone kwenye koki. Idara ilikuwa na mashine mpya ya kompyuta: unaweka vipokeo viwili juu ya bomba, huku na huku, nayo inakokotoa mlio umetoka wapi. Mashine ilionyesha mahali, wakachimba, pakavu. Ikaonyesha tena. Asubuhi hiyo walikuwa wamefukia shimo la sita.

Sikio alivua aproni ya stoo, akaenda moja kwa moja kwa Injinia.

"Nipe fimbo yangu."

Injinia hakuwa mtu mbaya. Alikunja uso kwa huzuni ya kweli. "Mama, siwezi. Unakumbuka bega la Mrefu?"

"Bega ni langu," Mrefu akasema kutoka mlangoni. "Nimekaa nalo miezi minne, tumeshasameheana. Mimi nitaenda naye. Na hashiki vali, anashika fimbo tu."

Injinia aliwatazama wote wawili. Akafikiria mashimo sita. Akaitoa fimbo nyuma ya mlango.

Barabara ya Hospitali saa nne asubuhi ilikuwa sokomoko. Magari ya maji yalipanga foleni getini, watu wana ndoo, jenereta ya hospitali inatetemesha ukuta. Sikio alisimika fimbo juu ya vali ya kwanza, akaweka kikombe sikioni kama alivyozoea. Kifaa kikapiga filimbi, fiiii, akaruka nyuma. Akafikiri kidogo. Kifaa hakisikii kwa kupitia tundu la sikio. Kinasikia kwa vijitundu vyake kule nyuma. Akahamisha kikombe, akakiweka juu ya mfupa nyuma ya sikio, taratibu.

Sss.

Miaka mingapi? Ulikuwa uleule, mwembamba, wa meno. Akafumba macho aufuate, na hapo, ndani ya sekunde tatu, mlio ukafifia, ukafa.

Akasogea vali ya pili. Sss. Halafu kimya. Ya tatu, hivyohivyo. Ulikuja, ukampungia mkono, ukaondoka.

"Unasikia kitu?" Injinia akauliza.

"Nasikia, halafu ninanyang'anywa."

Injinia alitazama saa yake, akatazama pembeni. "Tumejaribu, mama. Hakuna atakayekulaumu."

Sikio alikaa kwenye ukingo wa barabara, fimbo mapajani. Mrefu alikaa kando yake, akamwacha afikiri. Alijiuliza: mlio haujakoma, maji hayajakoma. Nani anauzima? Ubongo wake? Hapana, ubongo ulikuwa unautafuta kwa nguvu zote. Ni nani mwingine aliyekuwa kati yake na bomba? Aliinua mkono, akagusa punje ile nyuma ya sikio.

Jenereta. Alipoelekeza uso kwenye jenereta, nayo ilifanya hivyohivyo: ilianza kwa nguvu, baada ya muda ikalainika. Kila kilicholia mfululizo bila kubadilika, kifaa kilikishusha.

"Kinadhani ni kelele!" Alisimama kwa ghafla mpaka Mrefu akashtuka. "Mvujo wangu, kinadhani ni kelele!"

Chumba cha mtaalamu kilikuwa ndani ya geti la hospitali hiyohiyo, hatua mia mbili. Sikio aliingia chumbani kwake na buti za tope. Kwenye kona palikuwa na ndoo ya maji yenye kifuniko, kama kila chumba cha hospitali wiki ile.

"Mama, sakafu yangu!"

"Nisamehe sakafu. Vifaa hivi vinazima sauti inayolia bila kupumzika?"

"Ndiyo. Vinapunguza. Feni, injini, viyoyozi. Ili usikie watu wanapoongea."

"Mimi leo simtafuti mtu. Natafuta hiyo inayolia bila kupumzika. Ndiyo kazi yangu."

Mtaalamu alivua miwani. Kisha alianza kucheka, kicheko cha furaha tupu. "Miaka yote hii watu wananiomba niwapunguzie kelele. Wewe ndiye wa kwanza kunidai kelele zako." Akavuta kiti kwenye kompyuta. "Nitakuwekea mpangilio wa pili. Ukibonyeza hapa, uchujaji wote unazimika. Lakini sikiliza: kila kitu kitaingia. Magari, upepo, jenereta, watu. Kifaa hakitakusaidia kutenganisha. Atakayetenganisha ni ubongo wako peke yake."

"Ubongo wangu umefanya mazoezi," Sikio akasema. "Kwa cherehani."

Aliporudi barabarani alibonyeza, na ile sokomoko yote ikamwingia kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Lakini yeye hakuwa wa siku ya kwanza. Alisimama tuli juu ya vali, kikombe nyuma ya sikio, macho amefumba, akaanza kuzipanga. Wewe jenereta, nakujua, kaa pale. Ninyi magari, piteni. Mama mwenye ndoo, ngoja kwanza. Moja baada ya moja zilirudi nyuma, si kwa kuwa zimezimwa, bali kwa kuwa alizitambua. Chini ya zote hizo, palepale ulipokuwa siku zote, ulibaki mlio mmoja.

Sss. Sekunde tatu. Kumi. Dakika nzima. Haukufa.

"Ninao," alisema.

Akaufuata. Mlio uliongezeka kutoka vali ya pili hadi ya tatu, ukaongezeka tena. Injinia alimfuata nyuma na mashine yake, Mrefu na chaki. Walipita mashimo sita yaliyofukiwa, Sikio hakuyatazama hata kidogo. Hatua arobaini kupita mashimo hayo mlio ukawa mkali kabisa, kisha hatua iliyofuata ukakatika kama uliokatwa kwa kisu.

Injinia alishusha pumzi. Sikio aliinua kidole: kimya. Akaenda hatua sita mbele, akasimika fimbo. Mlio ulikuwepo tena, ila dhaifu.

"Hili bomba ni la chuma?" akauliza.

"Chuma mwanzo mpaka mwisho. Ramani inasema hivyo."

"Ramani inadanganya. Hapa katikati kuna kipande cha plastiki. Chuma huimba, plastiki hunong'ona. Kuna mtu alikarabati zamani akakiweka bila kuandika. Mashine yako inahesabu mwendo wa mlio kwenye chuma, ndiyo maana inakupeleka kusiko sahihi."

Injinia alitazama mashine yake, akaizima.

Sikio alisimika fimbo kwenye lami juu ya zile hatua sita, kidogo kidogo, shibiri kwa shibiri. Hapa hakutafuta tena ule wa meno. Alitafuta mlio mzito, maji yanayopiga udongo, kama mtu anayepumua usingizini. Aliukosa. Akaupata. Akaupoteza gari la maji lilipopita, akausubiri, ukarudi mahali pake. Akainuka, mgongo ukalia, akachukua chaki na kuchora duara.

"Hapa. Na msinichimbie handaki la vita."

Wachimbaji walivunja lami. Chini ya mita moja sururu ilitoka na udongo uliolowa. Mrefu alishuka mwenyewe, akachimbua kwa mikono, na bomba jeusi la plastiki likaonekana, limeunganishwa na chuma kwa kiungo kilichopasuka kama mdomo. Maji yaliruka yakampata Injinia kifuani, kofia ikaondoka. Alisimama pale amelowa chepechepe, akicheka, akimpigia Sikio makofi kwa mikono miwili, na watu wenye ndoo wakaanza kupiga makofi naye bila kujua sawasawa kwa nini.

Kufikia saa tisa alasiri kiungo kipya kilikuwa kimefungwa. Vali zikafunguliwa polepole, moja baada ya nyingine, huku Injinia, aliyekuwa amemrudishia Sikio ufunguo, akitoa kila amri na Sikio akiirudia kwa sauti kabla hajagusa vali. Halafu wakasimama barabarani kusubiri. Watu waliongea, jenereta ilinguruma, hakuna aliyejua kama maji yamepanda.

Sikio, aliyekuwa amevirudisha vifaa kwenye mpangilio wa kwanza unaoshusha jenereta, ndiye aliyeinua kichwa wa kwanza.

"Amesema yamefika," akasema.

"Nani?" Mrefu akauliza.

"Muuguzi. Kule juu." Alionyesha dirisha la ghorofa ya tatu, ambako mwanamke aliyevaa sare alikuwa anapunga taulo. "Anasema koki zote za wodi ya wazazi zinatoka. Anasema presha nzuri. Na anasema anayehusika aje apewe chai."

Wote wakatega masikio. Hawakusikia kitu ila jenereta. Ilibidi Mrefu akimbie mpaka chini ya dirisha, aulize, kisha ageuke na kuinua mikono yote miwili.

Jumatatu Sikio alirudi kwenye kikosi, na stoo ikatafutiwa mtu mwingine. Alikuwa na sharti moja, akalitoa mbele ya wote: kila anayefanya kazi karibu na pampu na nyundo za kuvunjia lami apimwe masikio, na avae vizibo. "Mimi nilificha miaka sita," alisema. "Miaka sita ya kuchoka bure. Na ningeweza kumuua mtu."

Injinia alikubali papo hapo. Mrefu alisema yeye hana shida, anasikia kama popo.

"Vizuri," Sikio akasema kwa sauti ya kawaida, amempa mgongo. "Basi tangulia ukashushe vifaa."

"Nikashone nini?" Mrefu akauliza.

Karakana iliangua kicheko. Mrefu alicheka pia, kisha akaacha, akajigusa sikio. Sikio alimsogelea, akamshika lile bega.

"Twende," akamwambia. "Nitakusindikiza. Mtaalamu ni mtu mwema, ila ufute viatu kwanza."